Bi Arusi Twamsinga, Nyanya Twamwacha Ajikune

Mwosha maiti hufundishwa mambo mawili siku ya kwanza. La kwanza ni kuosha kwa upole, kwani heshima ya maiti ni sawa na heshima ya aliye hai. La pili ni kufunga mdomo. Ulichokiona mwilini mwa marehemu hukisemi kwa mumeo wala kwa mamako, na dini yetu imemwahidi malipo makubwa yule anayesitiri. Nimeyashika mambo hayo mawili kwa miaka 19 niliyoishi hapa Migori, na leo sikusudii kuyavunja. Sitataja mtu wala nyumba, na pasitokee msomaji wa huku akadhani nasema habari za mzazi wake. Ninayotaka kuyasema nimeyaona si mara moja wala mara kumi, nayo yanatuhusu sote, tulio huku Bara na walio kwetu Pwani.

Huku Migori Waislamu si wengi. Tuko Waswahili tuliokuja kwa biashara na kwa ndoa, wako Wasomali, wako Wanubi, na wako Waluo na Wakuria waliosilimu. Wanawake wanaojua kazi ya kuosha wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Kwa hiyo akifariki Mwislamu mwanamke, awe yuko mjini, au Isebania mpakani, au upande wa Homa Bay, aghalabu huitwa watu wale wale. Ndipo nikapata kuiona miili mingi kuliko nilivyopenda.

Ngozi ya kijana haina habari nyingi. Ya mzee ni daftari. Nimeona migongo iliyojaa mikwaruzo ya kucha, mipya juu ya ile ya zamani, mahali ambapo mkono wa mtu mwenyewe haufiki ila kwa mwiko au kwa kitana. Nimeona mikono iliyochanika kama karatasi iliyolowa. Nimeona visigino vilivyopasuka hadi nyama ikaonekana. Nimeona kidonda juu ya mfupa wa mkia, upana wake kama kisahani cha chai. Na kila mara tunapomaliza, tukatoka nje kunawa, huja binti au mkaza mwana akaniuliza kwa sauti ya chini: "Shangazi, alikuwa na kitu?" Hujibu kwamba Mwenyezi Mungu amrehemu. Lakini moyoni hujiuliza, mwanangu, mbona waniuliza mimi? Wewe ndiye uliyekaa naye.

Sisemi kwamba watoto hao ni wabaya. Wengi wao walimtumikia mzazi kwa chakula, kwa dawa ya presha, kwa maji ya moto kila asubuhi. Wanaposema hawakujua, ni kweli hawakujua. Binti amempelekea mama uji kila siku kwa miaka miwili na hajauona mgongo wake hata siku moja. Hili ndilo linaloniuma, kwamba katika mila zetu mtu wa kwanza kuutazama mwili wa mzee kwa makini ni yule anayemwosha akiwa hana uhai tena.

Hebu tujitazame. Mtoto akizaliwa kwetu hupakwa mafuta na kunyooshwa viungo, na mama yake hukandwa kwa maji ya moto hadi zitimie siku 40. Msichana akitaka kuolewa, ngozi yake huwa shughuli ya mtaa mzima. Somo wake humweka ndani akamsinga kwa singo, akampaka liwa, akamtia hina mikononi na miguuni, na nguo zake zikafukizwa udi. Wanawake wa makamo hukaa kitako wakabishana juu ya singo ya nani ni bora, utadhani ni kesi ya urithi. Mambo hayo ni mazuri, sina ugomvi nayo. Mimi mwenyewe nilisingwa na harufu yake naikumbuka hadi leo. Lakini mwili ule ule, baada ya miaka 50, nani anauangalia? Bi arusi ana somo. Nyanya hana somo.

Sababu kubwa ni haya, na haya ni sehemu ya imani. Mama hujisitiri mbele ya mwanawe wa kiume, na mkaza mwana huogopa kuonekana mjuzi wa mambo ya mkwewe. Babu naye ndiyo kabisa, kwani tangu mkewe afariki hakuna aliyemwona bila fulana. Juu ya hayo pana lile neno la wazee wenyewe. Ukimwuliza hali, atakwambia: "Sijambo, mwanangu, ni uzee tu." Kuwashwa usiku kucha ni uzee tu. Kidonda kisichopona ni uzee tu. Sisi nasi twalikubali upesi jibu hilo kwa kuwa latupunguzia kazi.

Ni kweli uzee una mambo yake. Ngozi ya mzee huwa nyembamba, na vile viwanda vidogo vya mafuta na jasho vilivyomo ndani yake hupunguza kazi, kwa hiyo hukauka. Mishipa midogo ya damu hupoteza ule mto wa nyama uliokuwa ukiikinga, ndiyo maana mzee akigonga mkono kidogo tu huvilia damu. Jeraha la kijana hupona kwa wiki moja. Lake huchukua mwezi. Ngozi yetu nyeusi inatukinga na jua zaidi kuliko ya Mzungu, na ndiyo maana mikunjo hutuchelewa, lakini haitukingi na ukavu wala mwasho.

Huku Migori ukavu huo huonekana zaidi kwa mtu aliyetoka Pwani. Tumezoea hewa ya bahari yenye unyevu, ambayo ni kama mafuta ya bure kutoka kwa Mola. Hapa tuko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, karibu kabisa na ikweta. Jua la mchana ni kali na usiku ni baridi, baridi inayomfanya mzee aombe maji ya moto sana ya kuoga. Basi huoga maji ya moto, akajisugua kwa sabuni ya kufulia kwa kuwa ndiyo "inayotoa uchafu," akajifuta kwa nguvu, akavaa. Yale mafuta machache yaliyobaki mwilini ameyamwaga pamoja na maji. Usiku akiingia kitandani anaanza kujikuna.

Nataka kumsimulia mmoja aliye hai, naye ameniruhusu kwa sharti nisimtaje jina. Nitamwita Bi Mkubwa. Alizaliwa Mombasa, akaletwa huku na mumewe miaka ya 1960, wakati huku kote kukiitwa South Nyanza. Sasa ni mjane na anakaa kwa mwanawe. Bi Mkubwa alianza kuwashwa mikono na miguu, hasa usiku. Mjukuu wake, mtoto mwenye huruma, akaenda duka moja la dawa akanunua tyubu ya krimu aliyoambiwa ni dawa ya kila kitu. Kwa siku tatu mwasho ukatulia. Nyumba nzima ikafurahi. Krimu ikawa rafiki wa Bi Mkubwa. Akaipaka asubuhi na jioni, mwezi baada ya mwezi, na ilipokwisha ikanunuliwa nyingine. Hakuna aliyemwambia kwamba ndani yake mlikuwa na steroidi, dawa nzuri ikitumiwa siku chache kwa kipimo cha daktari, lakini ikipakwa muda mrefu huila ngozi ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu.

Ya Bi Mkubwa tayari ilikuwa nyembamba kwa umri. Baada ya mwaka na zaidi, mikono yake ilijaa mabaka ya zambarau. Siku moja bangili yake ilinasa kwenye kitasa cha mlango, na ngozi ya mkono ikafunuka kama ukurasa. Jirani aliyekuja kumjulia hali akayaona mabaka, akayaona na majeraha, akatoka. Jioni ile mtaa mzima ulikuwa unasema kwamba mkaza mwana anampiga mkwewe.

Huyo mkaza mwana namfahamu. Ni mwanamke wa Kiluo aliyesilimu, mwenye kumpikia mkwewe samaki bila miiba kwa sababu ya meno. Alisikia maneno hayo kisimani. Alitia nguo zake kwenye mfuko akataka kurudi kwao Karungu, na mumewe, badala ya kumzuia, akamwuliza: "Basi mabaka hayo yametoka wapi?" Ndoa ya miaka 14 ikawa inaning'inia kwenye uzi kwa ajili ya tyubu ya krimu.

Aliyewaokoa ni daktari mmoja, yule tunayemwita klinikal ofisa, aliyeutazama ule mkono kwa muda mrefu, akauliza Bi Mkubwa anapaka nini, akaomba aletewe. Aliisoma tyubu, akaeleza taratibu mbele ya mwana na mkewe kwamba ngozi ya wazee huvilia damu hivyo hata bila ya kupigwa, na kwamba dawa hii ilizidisha. Akaagiza iachwe kidogo kidogo, si ghafla. Akaagiza maji ya uvuguvugu badala ya moto, sabuni ya kuogea kwapani, sehemu za siri na miguuni peke yake, na mafuta mwili mzima mara tu baada ya kuoga ngozi ikiwa bado na unyevu.

Niliposikia hilo la mwisho nilicheka, kwani wazee wetu walisema ngozi ivute i maji. Walikuwa wakisema habari za kulea watoto, lakini mtengenezaji ngoma aliyeitunga methali ile alijua ngozi.

Mafuta gani? Wa Pwani wote tutasema mafuta ya nazi, na ni mazuri. Lakini nazi huku huja kwa basi na bei yake huja nayo. Mafuta ya mgando, yale wengine huyaita vaselini, ni ya bei nafuu na huzuia maji yasitoke katika ngozi vizuri kabisa. Yasiwe na manukato makali. Na mtu anayetawadha mara 5 kwa siku hapana budi ajipake mara nyingi kuliko mwingine, hasa miguuni na mikononi, kwani maji yanayokauka juu ya ngozi huondoka na unyevu wake. Hapa nataka kusema na wenye kisukari. Mtu anayeosha miguu mara 5 ana nafasi 5 za kuitazama, kati ya vidole na chini ya nyayo, na kama macho yake hayaoni basi ana wajukuu. Kidonda cha mguu wa mwenye kisukari huanza bila maumivu, kwa kuwa mishipa ya fahamu imekufa ganzi, na mwisho wake mara nyingi ni msumeno. Baka jeusi jipya chini ya unyayo au chini ya ukucha nalo lisipuuzwe, kwa kuwa saratani mbaya ya ngozi ikimpata mtu mweusi hupenda kuanzia hapo. Bob Marley, mwimbaji wa Jamaika, alifariki mwaka 1981 kwa saratani iliyoanzia kidole cha mguu.

Tena si kila mwasho ni ukavu. Mzee akiwashwa zaidi usiku, na wajukuu wanaolala naye wakawa wanajikuna pia, huo ni upele, na kumtibu yeye peke yake ni kazi bure. Nyumba nzima itibiwe siku moja, na nguo na shuka zifuliwe kwa maji ya moto. Shirika la Afya Duniani liliuingiza upele mwaka 2017 katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa, na jina hilo unalistahili. Akiwashwa bila alama yoyote, na mafuta yasisaidie wiki mbili tatu, apimwe damu, kwani figo na ini zikichoka huleta mwasho vile vile.

Sasa nije kwenye lile linalofichwa kuliko yote, nalo ni mkanda wa jeshi.

Kila aliyeugua tetekuwanga utotoni anabaki na virusi vyake vimelala ndani ya mishipa ya fahamu. Kinga ya mwili ikilegea, huamka, na malengelenge hutokea upande mmoja wa mwili kama mkanda, yakiwa na uchungu wa moto. Uzee peke yake watosha kulegeza kinga hiyo. Lakini huku kwetu kuna historia. Ukimwi uliipiga sehemu hii kwa nguvu. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2018 ulikuta Homa Bay karibu mtu mzima 1 kati ya 5 ana virusi vyake, na Migori haikuwa nyuma sana. Miaka ile ya mwanzo, kijana akitokewa na mkanda wa jeshi watu walitazamana. Basi neno likabaki. Mzee wa miaka 75 akiona malengelenge ubavuni, jambo la kwanza linalomjia ni watu watasema nini.

Mjomba wa mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mwalimu wa chuo, watoto wengi wa mji huu walisoma juzuu zao kwake. Jamaa zake wameniruhusu kuliandika hili. Alificha malengelenge siku 10. Alifunga kitambaa chini ya kanzu, akaendelea kusomesha. Dawa ya virusi vile ipo, huitwa asaiklovia, na hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya siku 3 za kwanza. Yeye alipofika hospitali malengelenge yalikuwa yanakauka, na maumivu yakabaki. Yalibaki zaidi ya mwaka. Hakuweza kuvumilia kanzu imguse ubavu. Akiwa nyumbani aliishika kwa mkono isimwegemee, na msikitini alisimama ukingoni mwa safu ili asiguswe bega. Watu wakadhani amekuwa na majivuno. Mficha maradhi, wahenga walisema, kilio humfichua, lakini mwalimu wetu hakustahili kufichuliwa hivyo, alistahili kuulizwa mapema na mtu asiyemtisha. Na hata angekuwa na virusi vya Ukimwi, dawa zipo na watu wanazeeka nazo. Malengelenge yakitokea kipajini au karibu na jicho, usingoje hata kesho, kwani jicho lenyewe laweza kupofuka.

Kuhusu vidonda vya kulala sitasema mengi, kwa kuwa ndivyo nilivyoviona zaidi na ndivyo ninavyoona uchungu kuviandika. Mzee asiyeweza kujigeuza, uzito wake huzuia damu isipite pale mfupa unapogusa godoro, yaani mkia, nyonga, visigino, hata nyuma ya kichwa. Nyama hufa kutoka ndani, na inapotoboka nje imekwisha kuoza. Vitabu vingi husema utazame wekundu. Vimeandikwa kwa ngozi nyeupe. Kwenye ngozi zetu wekundu hauonekani sawasawa. Tumia mgongo wa mkono wako uguse, ukikuta mahali pana joto kuliko pengine, au pamekuwa pagumu, au pameiva rangi, basi jua pameanza. Mgeuze kila baada ya saa 2 mchana, umwekee mto chini ya ndama za miguu visigino vielee, na shuka isilale na mkojo. Wasomaji wa Suratul Kahf kila Ijumaa wanajua kwamba vijana wale waliolala pangoni, Mwenyezi Mungu ametueleza kuwa walikuwa wakigeuzwa kuliani na kushotoni. Wafasiri wamesema ni ili ardhi isiile miili yao. Tumeisoma aya hiyo maisha yetu yote na mama yetu amelala chali tangu Alfajiri.

Nimekwisha kusema habari za kuachwa. Iko na ngozi inayoharibiwa kwa mikono. Bibi wengi ninaowaosha sasa walikuwa wasichana miaka ya 1970, wakati krimu za kujichubua zilipokuwa ndizo ustaarabu. Hidrokuinoni iliyokuwamo ikitumiwa miaka mingi hugeuka: badala ya weupe huleta mabaka ya buluu na nyeusi mashavuni ambayo hayaondoki tena. Daktari Findlay wa Afrika Kusini na wenzake waliyaeleza mabaka hayo tangu mwaka 1975. Hapa Kenya bidhaa zenye hidrokuinoni na zebaki zilipigwa marufuku mwaka 1998, lakini nani asiyejua zinapouzwa? Sabuni za zebaki ndizo mbaya zaidi, kwa kuwa hupita ngozi zikaenda kuketi kwenye figo. Daktari Harada wa Japani, aliyewahudumia wagonjwa wa zebaki wa Minamata kwa miaka mingi, alikuja na wenzake kupima nywele za watu wa kandokando ya Ziwa Viktoria. Watu walihofia samaki, na walihofia machimbo ya dhahabu, ambayo huku kwetu Nyatike na Macalder wanawake hukamata zebaki kwa mikono mitupu. Makala yao ya mwaka 2001 ilieleza kwamba waliokutwa na zebaki nyingi kupita kiasi walikuwa watumiaji wa sabuni za kujichubua. Kinamama wakaogopa samaki na sabuni wakaiweka bafuni.

Wanaume wasicheke. Ile kanta nyeusi ya ndevu, ndugu ya piko wanayochorwa wasichana, ina kemikali inayoweza kumvimbisha mtu uso na macho yakafumba, na mzee mmoja nimemwona hivyo siku ya Idi. Hina safi ni nyekundu. Yoyote inayotoa weusi wa makaa kwa nusu saa imetiwa kitu. Mtume (S.A.W.) alipoletewa Abu Quhafa, babake Abubakar, mwaka wa kutekwa Makka, nywele na ndevu zake zikiwa nyeupe pe, aliagiza zibadilishwe rangi na weusi uepukwe. Sasa tumezidi kuipata hekima yake.

Najua nitajibiwa: hospitali ya ngozi iko wapi? Ni swali la haki. Madaktari bingwa wa ngozi nchini ni wachache na wengi wako Nairobi. Ng'ambo ya mpaka, Moshi, katika hospitali ya KCMC, kuna chuo kilichoanzishwa mwaka 1992 kuwafundisha maafisa wa tiba kutoka nchi nyingi za Afrika habari za ngozi, na ningependa kuona wahitimu wake wakijaa katika zahanati zetu. Mwezi wa Mei 2025 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio kwamba magonjwa ya ngozi yapewe umuhimu duniani kote. Vyema. Lakini mengi niliyoyataja hayahitaji bingwa. Yanahitaji mkono, mafuta, na mtu mwenye ruhusa ya kutazama.

Na ruhusa hiyo ndiyo ninayoitetea. Kwa maoni yangu kila mzee awe na somo wake, kama bi arusi. Mwanamke kwa wanawake, mwanamume kwa wanaume, aliyechaguliwa na mzee mwenyewe akiwa bado na nguvu zake: binti, dada, jirani, hata mmoja wetu sisi waosha. Mara moja kwa wiki mlango ufungwe, sitara kutoka kitovuni hadi magotini ibaki mahali pake, mwili utazamwe na kupakwa. Tunajua kumsitiri maiti huku tukimwosha kila mahali. Tutashindwaje kumsitiri aliye hai? Wale wenye majeraha wanaoogopa swala zao kuharibika wawaulize masheikh, kwani sheria ina tayamamu na ina kupangusa juu ya bendeji, na hakuna aliyeamriwa kuliamsha donda lake kwa udhu.

Mimi ndiye somo wa Bi Mkubwa sasa, kila Ijumaa baada ya Alasiri. Mkaza mwana wake yumo humo humo chumbani, ameshika kibakuli cha mafuta, wamekwisha kupatana. Siku ya kwanza nilipompaka mgongo, Bi Mkubwa alinyamaza muda mrefu hata nikadhani analia. Kisha akasema, "Mgongo huu mara ya mwisho kupakwa ilikuwa harusini mwangu."

Wiki iliyopita aliniuliza kama ndiye mimi nitakayemwosha siku yake ikifika. Nikamwambia, Inshallah, kama sijatangulia.

"Basi hutakuta kigeni," akasema. "Hebu shuka kidogo, hapo chini ya bega. Hapo hapo."